Kutoka Mbeya na Iringa hadi Dodoma kwa basi, bila kuzungukia Morogoro

Watu wengi wa Nyanda za Juu Kusini bado wanasafiri kana kwamba kila njia lazima ipitie Morogoro au iishie Dar es Salaam. Mzee wa Mbozi anayefuatilia mafao yake wizarani, mwanafunzi wa Rungwe aliyepangiwa Chuo Kikuu cha Dodoma, mfanyabiashara wa Mafinga mwenye kikao Mtumba, kwenye Mji wa Serikali wa Dodoma: wote hawa utawakuta ndani ya basi la Dar, wanashuka Msamvu pale Morogoro usiku, wanaanza kutafuta gari jingine. Hapana haja. Barabara ya Iringa kwenda Dodoma kupitia Migoli, Mtera na Fufu ni lami tupu, kilomita 260, na ilizinduliwa rasmi Aprili 2018.

Piga hesabu mwenyewe. Mbeya hadi Iringa ni kama kilomita 330. Ukiongeza 260 za kwenda Dodoma unapata 590. Ukipitia Morogoro, baada ya Iringa unaongeza kama kilomita 310 kufika Morogoro, kisha 260 nyingine kufika Dodoma: jumla 900. Kilomita 310 za ziada ni karibu sawa na kutoka Mbeya hadi Iringa mara ya pili, na unazilipia nauli.

Kwa hiyo mwongozo huu unafuata njia ya Mtera. Mwishoni nimeweka njia ya Dar kwa mwenye shughuli za pande zote mbili.

Hatua ya 1: Ijue njia panda yako

Ukanda wetu wote unategemea barabara moja kuu, ile ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Barabara nyingine zinaingia humo kwenye sehemu chache, na msafiri anayejua sehemu yake ya kuingilia hababaishwi na mpiga debe.

Anayetoka Kyela, Busokelo au Tukuyu, njia panda yake ni Uyole. Hapa ndipo watu wanapoteza muda bure. Gari la Kyela linamshusha Uyole au Nanenane, naye anapanda daladala kuingia mjini hadi Stendi Kuu, halafu basi linatoka Stendi Kuu na kumrudisha Uyole kwa barabara ileile. Katikati kuna Mafiati, Kabwe, Mwanjelwa na Soweto, na foleni ya hapo kila mkazi wa Mbeya anaijua. Ndiyo sababu serikali ikaanza kupanua kipande cha Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, kiwe njia nne. Kama basi lako linaelekea Iringa, lisubiri Uyole. Sharti ni moja: unapokata tiketi, sema wazi kwamba unapandia Uyole, hakikisha imeandikwa, na chukua namba ya simu ya kondakta wa gari hilo. Siti ambayo mwenyewe haonekani stendi huuzwa upesi sana.

Wa Tunduma, Vwawa na Mlowo watafute basi linaloanzia Tunduma. Wa Chunya wanashukia jijini Mbeya kwa upande wa Isanga, hivyo kwao Stendi Kuu ni karibu na hawana sababu ya kwenda Uyole.

Wa Njombe, Ludewa, Makete na Songea njia yao inaungana na barabara kuu Makambako. Pale kuwa mwangalifu. Mabasi yanayotoka Mbeya hufika Makambako yakiwa yamejaa, na atakayekuambia "ingia tu, siti ipo mbele" anataka usimame hadi Iringa. Kusimama kwenye basi la mkoani hakuruhusiwi, na trafiki wakilisimamisha gari, usumbufu ni wako. Afadhali uchukue kosta ya Makambako–Iringa ambayo bado inapakia, ukae kwa raha yako. Wa Mufindi hali ni nyepesi zaidi: Mafinga hadi Iringa ni kama kilomita 80 na kosta zinapishana siku nzima.

Hatua ya 2: Chagua kati ya basi la moja kwa moja na kuunganisha Iringa

Yapo mabasi yanayotoka Mbeya hadi Dodoma bila kubadilisha, na mengine yanapita Dodoma yakiendelea Singida na Kanda ya Ziwa. Mwenye mizigo mingi, mwenye watoto au anayesafiri na mgonjwa achukue la moja kwa moja, hata kama ratiba yake haimpendezi. Kubadilisha gari na mgonjwa mkononi ni mateso.

Mtu mmoja mwenye begi la mgongoni ana uhuru zaidi akiunganisha Iringa. Anapanda basi lolote la kwenda Iringa au Dar alfajiri, anashuka Iringa mchana, anachukua gari la Dodoma. Tatizo la mpango huu ni moja tu: ukichelewa kutoka Mbeya, gari la mwisho la Dodoma linaweza kuwa limeondoka. Mbeya hadi Iringa tenga saa sita au zaidi. Iringa hadi Dodoma tenga nne hadi tano. Kama huwezi kuondoka Mbeya saa 12 asubuhi au kabla ya hapo, panga kulala Iringa na uondoke kesho yake mapema. Nyumba za wageni Iringa ni nyingi, na baridi ya usiku itakupa usingizi mzuri.

Hatua ya 3: Kata tiketi kwa akili

Nauli za mabasi ya mikoani zinapangwa na LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, kwa kila kilomita. Viwango vilivyoanza Desemba 2023 ni shilingi 48.47 kwa kilomita kwa basi la daraja la kawaida na shilingi 67.84 kwa daraja la kati. Kwa viwango hivyo, Mbeya hadi Dodoma kwa njia ya Mtera inakuja kama shilingi 28,600 kwa basi la kawaida na kama 40,000 kwa daraja la kati. Iringa hadi Dodoma peke yake ni kama 12,600 kwa la kawaida. Viwango hubadilika bei ya mafuta inapopanda, lakini hesabu ni ileile: chukua kilomita, zidisha kwa kiwango kinachotumika. Ukiwa na namba hiyo kichwani, mtu akikutajia elfu 55 kwa basi bovu lisilo na hata pazia, unajua la kumjibu.

Kata tiketi ofisini au kwa simu. Usimpe hela mtu aliyekupokea getini akakubebea begi, hata akiwa amevaa fulana ya kampuni. Tiketi halali ni ya mfumo wa kielektroniki, na iwe na jina lako, namba ya gari, namba ya siti, tarehe, muda, sehemu ya kupandia na kushukia, na nauli uliyolipa kweli. Soma hapohapo dirishani. Ukiona imeandikwa nauli ndogo kuliko uliyotoa, rudisha. Ukija kupata tatizo, kinachotambulika ni kilichoandikwa.

Muda pia usome mara mbili. Mashine nyingi huchapisha saa ishirini na nne: 06:00 ni saa 12 asubuhi, 18:00 ni saa 12 jioni. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku na mchana, kwa hiyo tiketi ya 18:00 si makosa ya uchapaji, ni basi la usiku kweli. Wazee ambao hawajazoea wasaidiwe hapa.

Na kuhusu usiku: mimi namshauri mtu asafiri mchana kwa njia hii. Mteremko wa Inyala na Mlima Nyoka karibu na Uyole vimeshaua watu wengi, mara nyingi kwa malori yaliyoshindwa breki. Ukungu wa Makambako wakati wa masika unafunika taa za gari la mbele. Mlima Nyang'oro baada ya Iringa una kona za kutosha kumchosha dereva aliyepumzika, sembuse aliyekesha. Kama ni lazima usiku, chagua basi lenye madereva wawili, na uliza jambo hilo kabla hujalipa.

Hatua ya 4: Asubuhi ya safari

Fika stendi nusu saa kabla. Vaa koti, usiliweke kwenye begi la buti. Kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi ya Mbeya ina baridi kali, na upepo wa Makambako unapenya dirisha lililofungwa. Lakini chini ya koti vaa nguo nyepesi, maana ukishuka Nyang'oro kuelekea Mtera joto linaanza, na Dodoma utafika umeloa jasho.

Begi la buti lipewe lebo yenye namba inayolingana na kipande utakachobaki nacho. Simama hapo hadi uone limeingia. Gunia la viazi au ndoo ya parachichi kwa ndugu zako wa Dodoma patana bei yake kabla halijapakiwa. Likishaingia ndani, bei ni ya utingo. Vyeti, barua za ofisini, dawa na simu vikae mwilini mwako au kwenye mkoba mdogo miguuni, visikae kwenye keria ya juu.

Siti: kutoka Mbeya asubuhi basi linaelekea kaskazini mashariki, jua linapiga upande wa kulia, ule wa dereva. Kwa hiyo hadi Iringa upande wa kushoto ni mzuri. Baada ya Iringa unaelekea kaskazini mchana, jua linahamia kushoto. Ila kushoto ndiko bwawa la Mtera lilipo, na kwangu mimi maji yale mapana katikati ya nchi kavu yanastahili kuvumilia jua kidogo. Vyovyote iwavyo, epuka siti zilizo juu ya tairi za nyuma na ile ya mwisho kabisa.

Hatua ya 5: Njiani hadi Iringa

Basi litaingia mizani mara kadhaa: Uyole, Makambako, Wenda kabla ya Iringa. Huko si kusimama kwa kuchimba dawa. Ukishuka bila kumwambia kondakta unaweza kuachwa. Kusimama kwa chakula ni kama dakika kumi na tano hadi ishirini, na dereva akipiga honi hana mchezo. Ukishuka, angalia namba za gari lako, kwa sababu mahali hapo panaweza kuwa na mabasi matatu ya rangi moja. Wanunuzi wa dirishani wawe na chenji ndogo: noti ya elfu kumi kwa mahindi ya kuchoma ya elfu moja, na gari linaondoka, ni kumtafutia yule mama hasara au wewe mwenyewe kuikosa chenji yako.

Mwendo wa basi usizidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye vijiji ni 50. Mabasi yana kifaa cha kufuatilia mwendo, lakini kifaa hakimzuii dereva kulipita lori kwenye kona. Ukiona anafanya hivyo, sema. Sema kwa heshima, "dereva, tunaomba tufike salama", na abiria wengine watakuunga mkono. Nimeona mara nyingi basi zima limekaa kimya kwa woga hadi mama mmoja aliponyanyua sauti, na mwendo ukapungua hapohapo. Akikaidi, piga namba ya LATRA au ya trafiki iliyobandikwa ndani ya gari, utaje namba za gari na mahali mlipo.

Hatua ya 6: Kubadilisha gari Iringa

Mji wa Iringa uko juu ya kilima, na barabara kuu inapita chini yake, Ipogolo. Mabasi ya mikoani yanatumia stendi ya Igumbilo, hukohuko chini kwenye barabara kuu. Usiache utingo akushushe popote kando ya lami kwa kuwa gari "lina haraka". Shuka stendi, nenda ofisini, kata tiketi ya Dodoma.

Gari la Dodoma likitoka hapo linapanda mjini na kutokea Kihesa, kisha Nduli uliko uwanja wa ndege. Kwa hiyo mkazi wa Kihesa au Mlandege hana haja ya kushuka hadi Igumbilo kama amekata tiketi na kukubaliana mahali pa kupandia. Na wewe uliyelala mjini, daladala na bajaji za kwenda Ipogolo zinaanza mapema, ila saa 11 alfajiri mpigie bajaji uliyoongea naye jana yake. Bodaboda na begi kubwa kwenye mteremko wa Ipogolo siipendekezi kwa mtu yeyote.

Kama una dakika za kusubiri, kula Iringa. Baada ya hapo chakula cha uhakika ni mbali.

Hatua ya 7: Nyang'oro, Mtera, Fufu

Baada ya Nduli nchi inabadilika. Miti ya milimani inaisha, mibuyu inaanza. Mwenye kichefuchefu ameze dawa yake Iringa, kabla ya kona za Nyang'oro, maana dawa ikimezwa tumbo limeshachafuka haisaidii. Migoli na Mtera ni nchi ya samaki. Wapo wa kukaanga na waliokaushwa. Ukinunua wabichi kupeleka Dodoma, wafungwe vizuri kwenye ndoo yenye mfuniko. Maji ya samaki yakimwagikia begi la abiria mwenzako ndani ya buti, utamlipa.

Barabara inapita juu ya bwawa lenyewe. Mtera ni mpaka wa Iringa na Dodoma, na ni kituo cha umeme cha megawati 80, kwa hiyo kuna ulinzi. Usishuke kupiga picha ukutani, na usianze ubishi na askari.

Hatua ya 8: Kuingia Dodoma na kuzunguka mjini

Basi linaingia jijini kutoka kusini, lakini stendi kuu ya mabasi iko Nzuguni, upande wa mashariki, kwenye barabara ya kwenda Dar, jirani na viwanja vya Nanenane na soko la Job Ndugai. Kabla hujafika, muulize kondakta kama atapitia katikati ya mji. Kama wenyeji wako wanakaa mjini, shukia huko uokoe safari ya kurudi.

Kama shughuli yako ni wizarani, fikiri kinyume chake. Mji wa Serikali uko Mtumba, mashariki zaidi, ukipita Nzuguni na Ihumwa kwenye barabara hiyohiyo ya Dar. Mtu anayelala katikati ya jiji atasafiri kila asubuhi kuelekea huko pamoja na watumishi wote. Anayelala Nzuguni au Ihumwa ana nusu ya safari. Ofisi za serikali zinafunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, na getini utaombwa kitambulisho. Kwa hiyo usipange kufika Dodoma Ijumaa jioni kwa jambo la wizarani. Ondoka nyumbani Jumapili, uwe mlangoni Jumatatu.

Bunge liko upande wa mjini, si Mtumba. Na hapa kuna jambo la kuangalia kwenye kalenda: Bunge la bajeti linaanza Aprili na kuishia mwisho wa Juni. Miezi hiyo nyumba za wageni zinajaa na bei zinapanda. Weka nafasi kwa simu kabla hujaondoka.

Ndani ya jiji kuna daladala, bajaji na bodaboda. Daladala zina njia zilizoandikwa mbele. Taja kituo chako kwa konda unapoingia, naye atakuita. Bajaji patana nauli kabla hujakaa. Chuo Kikuu cha Dodoma ni kikubwa sana na vitivo vyake viko mbalimbali, kwa hiyo mzazi anayempeleka mtoto aseme jina la kitivo au ndaki, asiseme "chuo" tu.

Ukiwa na shughuli Dar pia

Njia nzuri ni kufanya duara: panda kwa Mtera, malizia Dodoma, teremka Dar kwa treni ya SGR (ile ya reli ya kisasa), rudi nyumbani kwa basi. SGR ya Dodoma ilianza kubeba abiria Julai 2024, na treni ya haraka inatumia kama saa tatu na nusu hadi Dar. Nauli ya daraja la kawaida ilianza na shilingi 31,000. Tiketi hukatwa kwa mtandao kwa kutumia namba ya kitambulisho, na treni haisubiri mtu. Basi linaweza kuchelewa kuondoka kwa robo saa. SGR ikifika dakika yake, mlango umefungwa.

Kurudi kutoka Dar, mabasi ya kwetu yanaanzia Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, iliyofunguliwa Februari 2021, si Ubungo tena. Stesheni ya SGR iko katikati ya jiji, Mbezi ni mbali. Wenye basi la alfajiri walale Mbezi au Kimara. Kuanzia hapo hadi Mbeya ni karibu kilomita 830, na mlima wa kungoja ni Kitonga, ambapo lori moja likiharibika mnaweza kukaa saa kadhaa. Beba maji.

Reli ya TAZARA inafika Makambako, Mbeya na Tunduma, na inapita Mlimba na bonde la Kilombero ambako basi lako halifiki. Ni safari ya mtu asiye na haraka, na ratiba yake iulizwe stesheni yenyewe, Iyunga kwa Mbeya, siku chache kabla. Dar es Salaam treni hiyo inaishia stesheni yake kwenye Barabara ya Nyerere, mbali na ile ya SGR, na reli zake hazina upana mmoja na za SGR, hivyo hakuna kuunganisha bila kuvuka jiji kwa daladala au bajaji.

Kurudi

Tiketi ya kurudi ikate siku unayofika, palepale Nzuguni, kama unajua siku yako. Shule zinapofunga na kufungua, na wiki za kuelekea Krismasi, mabasi ya kusini hujaa siku kadhaa kabla. Ukikosa la Mbeya, usikubali kupelekwa Morogoro "ukaunganishe". Chukua la Iringa la asubuhi, shuka Igumbilo mchana, na mabasi ya Mbeya na Tunduma yanayotoka Dar yanapita hapo kuanzia mchana hadi jioni. Anayekwenda Tukuyu au Kyela amwambie kondakta mapema kwamba anashukia Uyole, na begi lake liwekwe buti la mbele, lisifukiwe chini ya mizigo ya Tunduma.